Kiti cha Dogo

Shangazi hakuwa shangazi wa kila mtu, ila jina lilimganda. Watoto wa mdogo wake walikuwa wakitoka shule wanakuja moja kwa moja gereji kwake, wanakaa juu ya matairi kufanya hesabu, na kila baada ya muda ni "shangazi, njaa," "shangazi, huyu ananichokoza." Wateja wakalidaka. Mwisho hata wanaume wenye mvi walioleta mashine zao walikuwa wakipiga honi getini na kuita, "Shangazi upo?"

Alikuwepo. Alikuwa fundi wa haidroliki, yaani ule mfumo wa mafuta yanayosukumwa kwa nguvu ndani ya mipira na silinda mpaka chuma kizito kinanyanyuka chenyewe. Mitambo mikubwa ya kujenga barabara aliwaachia wengine. Mashine zake zilikuwa zile ndogondogo zinazopenya uchochoroni: vijiko vya kuchimba mitaro, mashine za kupakia mchanga, za kushindilia udongo. Mume wake alikuwa amemfundisha kazi kabla hajafariki, na watu walisema mwanafunzi alimpita mwalimu, ingawa mwenyewe hakupenda kusikia hivyo.

Kijiko kimoja kilikuwa cha kwake na mdogo wake. Walikinunua pamoja kikiwa kichakavu, wakakaa nacho gerejini msimu mzima wakikifufua, yeye chini ya tumbo la mashine na mdogo wake akimpa spana na porojo. Kilipowaka kwa mara ya kwanza, mdogo wake alipanda kwenye kiti na tangu siku hiyo hakuna mwingine aliyekikalia. Wote walimwita Dogo, hata wanawe walipotaka kumtania, japokuwa ndevu zake zilikuwa zimeshaanza kuingia weupe. Dogo alikuwa dereva hasa. Aliweza kuchimba mtaro kati ya kuta mbili bila kukwaruza rangi, na wenye kazi zao walikuwa wakimuulizia yeye kwanza, mashine baadaye.

Siku ya mkasa alikuwa anachimba mtaro wa bomba la maji machafu nyuma ya ukuta wa zahanati. Mawingu yalikuwa yamejaa na msimamizi wa kazi alikuwa anatembea huku na huku kama kuku anayetaka kutaga. Dogo akampigia dada yake.

"Dada, mkono unazama."

"Unazama vipi?"

"Nikiuinua unakaa kidogo, halafu unashuka wenyewe. Kama mtu anayesinzia kikaoni."

"Mafuta?"

"Kioo kinaonyesha nusu. Na jana nilijaza mwenyewe. Nimeangalia chini, hakuna hata tone."

Hilo la mwisho ndilo lililomfanya Shangazi aache kazi aliyokuwa nayo, apakie vyombo kwenye gari na kwenda. Mafuta yanayodondoka chini hayakuwahi kumpa shida maishani mwake. Yanayopotea bila kuacha alama yana lao jambo.

Alipofika alikuta tumbo zima la mashine limefunikwa na vumbi lililoloa mafuta, jeusi, zito kama uji ulioganda. Hakukimbilia kufungua chochote. Aliomba maji na sabuni, akasugua mkono wa kijiko kuanzia juu hadi chini, akaukausha kwa matambara mpaka ukang'aa. Msimamizi alikuja akasimama nyuma yake.

"Mama, tumekuita utengeneze. Kuosha tungeosha wenyewe."

"Mafuta yanatembea, bwana," Shangazi akamjibu bila kugeuka. "Unayaona hapa, kumbe yametokea kule. Nikitengeneza palipolowa nitakuwa natengeneza njia, na tundu litabaki linaniangalia."

"Mvua hiyo inakuja."

"Naiona."

Akamwambia Dogo awashe injini aiache ipate joto, kisha ainue mkono ukiwa na udongo ndani ya bakuli lake la kuchotea, auache hapo juu. Akaanza kukagua. Chuma cha silinda kilikuwa kikavu, maana yake sili zake, zile pete za kuzuia mafuta, zilikuwa nzima. Valvu nazo kavu. Ikabaki mipira miwili inayopita chini ya mkono, nyuma ya bati, mahali ambapo jicho haliingii vizuri. Akainama, akaona kwenye mwanga kitu kama pumzi ya mtu asubuhi ya baridi, ukungu mwembamba uliotokea na kupotea.

"Ehee," akasema. "Ni mpira. Una kitobo. Ngoja nichukue kipande cha boksi garini."

Boksi lilikuwa la kupitisha karibu na mpira, likiwa limefungwa kwenye fimbo. Mafuta yanayotoka kwenye tundu dogo huwa na kasi ya ajabu, yanapiga kwenye boksi yanaacha alama, nawe unajua pa kushika spana. Dogo aliyajua hayo. Lakini Dogo alikuwa pia amemwona dada yake, miaka na miaka, siku akiwa na haraka au boksi halipo karibu, akipapasa mipira kwa kiganja na kusema "hapa". Shangazi alisema ngoja. Hakusema usishike. Baadaye alikuja kulipima neno hilo kwa kila namna, na kila namna lilimwelemea.

Alikuwa bado ameinama ndani ya gari aliposikia sauti.

"Nimeipata, dada! Nimeipata! Ai!"

Alipogeuka, Dogo alikuwa amesimama chini ya mkono wa mashine, glovu moja ameivua, anatikisa kidole na kucheka.

"Imenichoma, mshenzi huyu."

Shangazi akamshika mkono, akaugeuza. Kwenye ncha ya kidole cha shahada kulikuwa na kidoti. Hata damu haikuwepo. Ungesema ni mwiba, au ncha ya waya.

"Panauma?"

"Kama nimeumwa na siafu. Panawaka kidogo."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema twende zahanati. Shangazi aliwahi kusikia, tena kutoka kwa marehemu mume wake, kwamba mafuta yale yakiingia mwilini ni sumu, yanapanda ndani ya mkono na kula nyama huku juu pakiwa pametulia. Aliwahi kusikia, akaliweka pamoja na mambo mengine yanayowatokea watu wa mitambo mikubwa huko mbali. Hapa palikuwa na kijiko kidogo, kidoti kidogo, na mdogo wake anacheka. Zahanati ilikuwa upande wa pili wa ukuta. Mtu angerusha jiwe likatua kwenye baraza lake.

"Sasa utalia au tutafanya kazi?" akamwambia. "Mtu mzima na ndevu zako. Nawa kwa sabuni, uje unishushie huu mkono."

Dogo akanawa. Akapanda, akashusha bakuli likagusa ardhi, akazima injini na kuvuta nyenzo za kuendeshea mkono huku na huku ili nguvu iliyobaki ndani ya mipira iishe. Shangazi akafungua mpira, akauona ulipokuwa umesuguana na pembe ya bati mpaka nyuzi za chuma zikapata kutu. Akaenda kutengenezewa mpya wenye urefu uleule, akarudi, akaufunga, akakata pembe ya bati kwa jinsi ilivyomkera, wakajaza mafuta, wakaupandisha na kuushusha mkono taratibu hewa itoke. Ukasimama angani kama ulivyotakiwa. Msimamizi akapiga makofi. Mvua ilikuta mtaro umeshafika mwisho na bomba limelala ndani, na Shangazi akarudi nyumbani akiimba ndani ya gari, maana ilikuwa moja ya zile siku ambazo fundi anajiona fundi.

Asubuhi wifi yake alipiga simu.

"Wifi, huyu mtu hajalala. Mkono umevimba mpaka kwenye kifundo. Kile kidole kimekuwa cheupe kama mshumaa."

Shangazi alimkuta Dogo ameketi kitandani, mkono ameuinua kifuani kama mtu aliyebeba mtoto, jasho linamtoka. Hakuwa anacheka tena. Wakampakia ndani ya gari, wakaenda hospitali kubwa. Pale mapokezi muuguzi aliangalia kidoti akawaambia wakae kwenye foleni, nao wakakaa. Ni daktari wa upasuaji, mama mmoja mwenye miwani aliyekuwa anapita tu, ndiye aliyesimama mbele yao.

"Nini kimekuchoma?"

"Mafuta ya mashine," Dogo akasema. "Ya haidroliki."

"Leo?"

"Jana. Mchana."

Daktari akavua miwani. "Jana mchana," akarudia. Kisha akawageukia wale wanawake wawili. "Na hamkuja?"

Hakuwa anafoka. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Wifi akamtazama Shangazi, si kwa ubaya, ila kwa kuwa Shangazi ndiye mwenye kujua mambo ya mashine.

Walimfungua mkono kutoka ncha ya kidole hadi karibu na kiwiko kuyatoa mafuta. Wakamrudisha tena chumba cha upasuaji mara kadhaa. Kidole cha shahada kikaenda, na cha kati kikafuata, na vilivyobaki vikawa vinajikunja kwa shida, kama bawaba isiyotiwa grisi. Daktari alisema mkono wenyewe ni bahati kubaki.

Hakuna aliyemlaumu Shangazi, na hilo ndilo lililomkondesha. Wifi alimpokea kila siku wodini kwa "karibu wifi". Dogo alimuulizia gereji, akawatania wagonjwa wenzake kwamba sasa akihesabu mpaka kumi itabidi aazime vidole vya mtu. Shangazi alicheka pamoja nao, akitoka nje anaegemea ukuta wa korido mpaka pumzi imrudie. Aliwapeleka watoto shule. Aliosha, alipika, alibeba maji. Angeambiwa apasue kuni kwa meno angepasua. Jambo moja tu hakulifanya, nalo ni kukaa kwenye kile kigoda pembeni ya kitanda akasema kwa mdomo wake, mdogo wangu, ningekupeleka siku ileile.

Na kijiko kilikuwa kimeegeshwa gerejini. Kila asubuhi akifungua geti ndicho kinachomlaki, mkono wake umekunjwa, kiti chake kitupu, kile kipande cha zulia alichokitandika Dogo bado kipo juu yake. Aliwahi kukifunika kwa turubai. Turubai nalo likawa linamtazama. Siku alipokuja mfanyabiashara mmoja wa kokoto, mtu mnene mwenye sauti ya furaha aliyeitwa Bwana Kokoto na mji mzima, akauliza kama mashine ile inauzwa, Shangazi alisikia mdomo wake ukisema ndiyo kabla hajafikiri. Alijiambia anamwondolea Dogo mateso. Mtu atarudije kuona kiti ambacho hatakikalia tena? Akamwachia Bwana Kokoto kijiko, akampelekea wifi yake nusu ya fedha, fungu la Dogo, ndani ya bahasha, akamwambia ampe atakapopata nafuu. Usiku huo alilala vizuri, mara ya kwanza tangu mkasa.

Dogo alipotoka hospitali alikaa nyumbani muda, halafu asubuhi moja akatokea gerejini kwa miguu. Alisimama pale palipokuwa na kijiko. Kulikuwa na doa la mafuta sakafuni na nafasi kubwa tupu.

"Kumbe ni kweli," akasema.

"Kaa, mdogo wangu. Nikuletee chai?"

"Sitaki chai, dada."

Shangazi akafuta mikono, akafuta tena ingawa ilikuwa safi. "Niliona nikuondolee maumivu. Nikasema ukija ukikiona..."

"Ulisema na nani?"

"Dogo..."

"Nauliza tu. Ulisema na nani? Mimi nilikuwa nimelala kule, masikio ninayo, mdomo ninao. Ungeniuliza." Akaunyanyua mkono wake, ule wenye vidole vitatu, akautazama kama kitu cha kuazima. "Huu mkono umechukuliwa na mafuta. Niliutia mwenyewe, mtu mzima na akili zangu. Kwa huu sijakudai neno hata siku moja, na mke wangu nilimkataza asikudai. Lakini kile kiti dada umenichukulia wewe."

"Ungekiendeshaje?"

Swali lilimtoka kabla hajalishika.

"Sijui," Dogo akasema. "Nilikuwa wodini usiku na mchana nalifikiria hilohilo. Nilikuwa nikipanga nikitoka nije tukae mimi na wewe, tuangalie ile nyenzo ya kulia tutaifanyaje. Nilijua wewe hushindwi. Ndiyo iliyokuwa inaniamsha asubuhi."

Shangazi akataka kusema lile neno lake la siku zote, lile aliloshindwa kulisema pembeni ya kitanda. Lakini sasa lilikuwa limechelewa tena, tena kwa jambo jingine, na hakujua aanze na lipi. Dogo akamuaga kwa adabu, kama mtu anavyomuaga mkwewe, akatoka getini.

Shangazi alijikaza zaidi ya msimu mmoja. Walikuwa wanaonana, haikuwa kwamba wamekatana. Dogo alikuja kwenye sikukuu na wanawe, akala, akasifu chakula, akauliza habari za afya. Porojo hazikuwepo. Shangazi alikuwa akimsikiliza akizungumza na wengine ili angalau aisikie ile sauti yake ya zamani, na akigeuka kwake sauti inavaa viatu na tai.

Mwishowe alipiga moyo konde, akaenda kwa Bwana Kokoto kukiomba kijiko. Alikuwa amepanga maneno njiani. Angempa mashine nyingine nzuri zaidi, angemtengenezea magari yake bure, chochote. Machimbo ya kokoto yalikuwa nje kidogo ya mji, vumbi jeupe limelala juu ya kila jani. Alipoteremka garini alisikia injini, akaitambua kabla hajaiona, kama mzazi anavyotambua kikohozi cha mwanawe.

Kijiko kilikuwa kinapakia changarawe kwenye lori. Kilikuwa kinafanya kazi polepole, lakini bila kumwaga. Kila mara mkono ulipofika juu ya lori ulitikisika kidogo, ukatulia, ndipo bakuli likainama. Kwenye kiti alikuwa Dogo.

Shangazi alisimama pale kwenye vumbi, mkoba begani.

"Unamwangalia mtu wangu?" Bwana Kokoto alikuja akicheka. "Huyu nimeokota dhahabu, Shangazi. Alikuja mwenyewe. Akaniambia, bosi, mashine hii naijua kuliko unavyomjua mkeo, nipe siku moja tu. Siku ya kwanza kidogo aniangushie uzio! Nikataka kumfukuza. Akaniomba ya pili. Sasa mwangalie."

"Nilikuja kuongea habari ya hiyo mashine."

"Kuinunua? Sahau. Niuze mashine nibaki na dereva, au niuze dereva nibaki na mashine? Hao wawili wameshaoana."

Lori lilipoondoka Dogo alizima injini, akamwona. Akateremka, akaja akijipangusa vumbi usoni kwa mkono wa kushoto. Alikuwa amekonda, lakini mabega yalikuwa yamekaa sawa.

"Dada. Kwema?"

"Kwema. Sikujua upo huku."

"Muda kidogo sasa."

"Wifi hakuniambia."

"Nilimwomba asiseme kwanza. Nilitaka nijue kama nitaweza."

Shangazi akakisogelea kijiko, maana mikono yake haikujua kwingine pa kwenda. Aliona nyenzo ya kulia. Juu yake palikuwa pamechomelewa kikombe cha chuma chenye ngozi kwa ndani, kilichokatwa ubavuni ili kifundo cha mkono kiingie kikae. Kazi nzuri. Akaishika, akaisukuma mbele na nyuma. Yeye angeweka pembe kali kidogo zaidi upande wa kidole gumba, lakini ilikuwa kazi nzuri.

"Kidogo inanivuta bega jioni," Dogo akasema. "Ila nazoea."

"Rudi, mdogo wangu," akamwambia akiwa bado ameshika nyenzo. "Nitatafuta nyingine. Tutaanza upya, wewe na mimi. Nilikosea. Nilikosea siku ya kidole, nikakosea siku ya kuuza. Yote mawili nilikosea."

Sasa lilikuwa limetoka. Dogo akaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyeletewa kitu alichokuwa akikihitaji mwaka jana.

"Nimesikia, dada. Asante." Akatazama mashine, akatazama lori jingine lililokuwa linaingia. "Lakini hapa nimeshazoea. Bosi kelele nyingi, ila ananiachia kazi yangu. Niache hapa."

"Sawa."

"Na wewe usijimalize. Jumapili njoo nyumbani, watoto wanakuulizia."

"Nitakuja." Halafu, kwa sababu hakutaka kuondoka bado, akauliza, "Nani amekutengenezea hiki kikombe? Amekitengeneza vizuri."

Dogo akasita.

"Yule mchomeleaji wa mtaani kwako," akasema. "Pale karibu na duka la rangi. Nilikuwa nakwenda kwake asubuhi, tunajaribu, hakikai, tunakata, tunajaribu tena."

Lori likapiga honi. Dogo akapanda, akaingiza kifundo chake ndani ya kikombe, akawasha.

Shangazi alirudi mjini. Duka la rangi lilikuwa mwisho wa mtaa wake, na mtu anayeshuka kituoni kwenda huko hana njia nyingine isipokuwa kupita mbele ya geti la gereji. Alisimamisha gari hapo, hakuingia. Alikuwa anajaribu kukumbuka asubuhi zile, alikuwa chini ya mashine ipi, kompresa ilikuwa inanguruma au ilikuwa imezimwa, na kama ilikuwa imezimwa, ilikuwaje asisikie nyayo za mdogo wake zikipita.